Hesabu ifanyikie wapi: kwenye mita, kwenye simu au kwenye seva?

Wengi wetu huku Uru tunakumbuka zile namba za mwaka 2024. Unanunua umeme wa shilingi elfu tano kwa simu, inarudi meseji yenye namba nyingi kuliko siku zote. Unaambiwa ingiza kwanza kundi hili la tarakimu 20, kisha hili, ndipo uingize umeme wako. Wazee waliita wajukuu. Wengine walidhani ni matapeli. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 24 Novemba 2024, na baada ya hapo mita ambayo haijaboreshwa isingepokea tena umeme mpya.

Leo tunairudia habari hiyo kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo mafundi wa mifumo ya kompyuta hubishana juu yake kila siku: kanuni na hesabu za mfumo zikae wapi? Zikae kwenye kifaa kilicho mkononi mwa mteja, au kwenye kompyuta kuu, yaani seva, iliyo mbali? Linasikika kama jambo la mafundi tu, lakini jibu lake linagusa mfuko wa kila mwenye simu.

Tuanze na mita yenyewe. Mita ya kawaida ya LUKU haina laini ya simu. Haiongei na TANESCO. Ile namba ya tarakimu 20 ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa siri ambao mita yako peke yake inaweza kuufungua. Ndani yake kuna kiasi cha uniti na muda namba ilipotolewa. Mita inafungua, inahakiki, inakumbuka namba ilizokwisha kupokea ili usiingize moja mara mbili, halafu inaongeza uniti. Hesabu hiyo yote inafanyika ukutani kwako.

Faida yake tuliiona Mei 2021, mfumo wa kununua LUKU ulipokwama na watu wakashindwa kununua umeme. Aliyekuwa na uniti ndani ya mita aliendelea kuwasha taa kama kawaida. Mita haikuhitaji kuuliza mtu.

Hasara ikaja 2024. Muda ndani ya ile namba unahesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa inatosha dakika 16,777,216 tu, karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa Novemba 2024, kwa mita za aina hiyo duniani kote, si Tanzania peke yake. Kwa kuwa kanuni ilikuwa ndani ya mita, hapakuwa na mtu ambaye angeibadilisha akiwa ofisini. Ilibidi kila mita, ya Materuni, ya Kishumundu, ya Kariakoo, ipelekewe namba zake na mwenye nyumba azibonyeze mwenyewe.

Sasa tazama upande wa pili. Bei ya umeme haimo ndani ya mita. Mteja wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zikizidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi. Ili kujua kama umezidi 75, lazima mtu akumbuke ulichonunua tangu mwezi ulipoanza, kwa wakala yupi na kwa mtandao upi. Simu ya wakala haiwezi kujua hilo. Kama kila wakala angepiga hesabu yake mwenyewe, ungenunua 75 kwa huyu na 75 nyingine kwa jirani yake, zote kwa bei ya chini. Kwa hiyo hesabu hiyo inafanyika kwenye seva, karibu na kumbukumbu zenyewe. Hapa hatuoni ubishi.

Lakini kanuni iliyo kwenye seva hubadilika usiku mmoja, na wewe huoni. Tozo ya miamala ya simu ilianza tarehe 15 Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo. Hakuna aliyebadilisha simu wala laini. Unapobonyeza *150*00#, menyu unayoiona haikai ndani ya simu, inaletwa na mtandao kila mara. Kenya, M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini, na wengi walilazimika kubadili laini kwanza ndipo waipate.

Agosti 2021 kodi ya majengo nayo ikaingizwa kwenye ununuzi wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa fundi ilikuwa kazi rahisi: mita haikuguswa, kilichoongezwa ni kanuni mpya kwenye seva. Kasoro ilikuwa kwamba mita si nyumba, na anayenunua umeme si lazima awe mwenye nyumba. Mpangaji akajikuta anakatwa kodi ya jengo ambalo si lake, na penye mita mbili kwenye kiwanja kimoja watu wakaanza kulalamika. Seva ilipiga hesabu sawasawa kabisa, ila ilihesabu kitu kisichokuwa chenyewe. Tunasema hivi kwa sababu mara nyingi mwananchi akilalamika anajibiwa kwamba mfumo haukosei.

Kwa nini tunayaleta haya vihambani? Kwa sababu vyama vya msingi na vikundi vya akiba vinaletewa programu za simu na tovuti za kuweka rekodi. Tuseme karani anapima kahawa yako akiwa na simu. Anaandika kilo 42. Je, nani anazidisha kwa bei? Nani anatoa deni la mbolea?

Kuna wanaopenda kila kitu kifanyike kwenye seva. Hao labda hawajawahi kupima kahawa korongoni ambako mtandao unakata na mvua inakaribia. Karani hawezi kuwarudisha watu nyumbani na magunia yao kwa sababu ukurasa umegoma kufunguka. Kupima, kurekodi na kutoa risiti ya kilo ni kazi ya simu. Hata kumwambia karani kwamba namba ya mwanachama imepungua tarakimu moja ni kazi ya simu, maana inaokoa bando na muda.

Bei na makato ni jambo jingine. Programu iliyomo kwenye simu au kwenye ukurasa wa tovuti iko mikononi mwa anayeitumia, na mjuzi anaweza kuichezea. Tena makarani watano wenye simu tano wanaweza kuwa na bei tano, kwa sababu mmoja hakuipata ile ya jana. Kwa maoni yetu kanuni yoyote ya fedha ikae mahali pamoja, kwenye seva, na seva ihakiki upya kila kitu ilicholetewa na simu, hata kama simu ilishahakiki. Na sheria moja au mbili ziwekwe chini zaidi, kwenye hifadhidata yenyewe inayotunza rekodi, kwa mfano kwamba risiti yenye namba ileile haiwezi kuingia mara mbili. Hapo hata fundi akikosea kwenye programu, mlango wa mwisho unabaki umefungwa.

Na risiti ionyeshe kila namba iliyotumika: kilo, bei ya siku, kila kato na jina lake. Risiti ya LUKU hufanya hivyo, inaonyesha VAT, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1. Unaweza kukaa mezani na kalamu ukahakiki.

Basi programu ikiletwa kwenye mkutano wa chama chenu, msiulize tu inagharimu kiasi gani. Ulizeni mtandao ukikata karani atafanyaje. Ulizeni bei imeandikwa wapi. Akijibu kwamba imo ndani ya simu yake, mwulizeni nani mwingine anaweza kuibadilisha, na ikibadilishwa itaonekana wapi.