NYUMBA YA KUPIGIA PICHA MAKOLE: BIBIE ANAVUNA LAIKI, MPANGAJI ANAVUNA JASHO

Wana Dodoma! Na nyie wa Dar mnaosema Dodoma ni vumbi tupu, sogeeni hapa, leo kuna la kujifunza.

Wiki hii mtandaoni habari ya mjini ni moja tu, ile nyumba ya Makole. Bibie mmoja mwenye jina lake Insta, yule ambaye siku hizi amejipa kazi ya "kufufua nyumba", alipanda treni ya SGR kutoka Dar na mpiga video wake, akaingia kwenye nyumba ya zamani ya mzee mmoja pale Makole, na baada ya wiki chache akaachia video. Kabla: ukuta umebabuka, sakafu ya saruji, uani kuna mwarobaini na tenki la maji. Baada: dari ya jipsamu ya ngazi tatu, taa za LED za zambarau, ukuta wa TV wa plastiki inayoiga jiwe la marumaru, malumalu nyeusi zinazong'aa kama kioo, na jiko la wazi lenye bomba la rangi ya dhahabu.

Laiki zikamiminika. Komenti zikajaa moto na vikopa. "Dubai imehamia Dodoma!" "Mzee sasa ndo anaishi!" Mastaa wawili watatu wakashea, na mwingine akauliza bibie anachaji kiasi gani aje amfanyie na yeye.

Sawa, kila mtu apate riziki yake. Ila sasa zima hizo taa za zambarau, subiri jua la Dodoma la saa nane mchana, halafu ingia tena humo ndani. Usisahau taulo.

KILICHOKATWA KWENYE VIDEO

Kwanza, mzee haishi mle. Nyumba ni ya kupangisha. Anayeishi mle ni mama mmoja na watoto wake watatu, na alikuwemo kabla bibie hajajua hata Makole iko wapi. Kwenye video hayupo. Kipindi cha ujenzi alijibanza chumba kimoja kwa jirani, akaambiwa avumilie, nyumba inarekebishwa kwa faida yake.

Aliporudi akakuta kodi imetoka laki moja na nusu mpaka laki tatu kwa mwezi, na inalipwa miezi sita kwa mpigo. Piga hesabu: 1,800,000 mkononi ndipo upewe ufunguo. Akakopa kwenye kikundi, akalipa. Angeenda wapi? Watoto shule yao iko karibu, na wateja wake wako hapo hapo mtaani.

Wateja gani? Mama anauza chapati na maharage asubuhi. Bodaboda, mafundi, vijana wa ofisini, wote wanapita kwake. Alikuwa anapikia uani, chini ya mwarobaini, majiko mawili ya mkaa, hewa inapita, kivuli kipo, watoto wanaogea pembeni, nguo zinaanikwa kwenye kamba. Uani ndiyo ilikuwa ofisi yake.

Sasa hivi uani haipo. Imejengewa na kuezekwa, imekuwa sehemu ya jiko la wazi na kitu kinaitwa "kona ya kahawa". Mwarobaini umekatwa kwa sababu unadondosha majani. Tenki limeng'olewa kwa sababu linaharibu picha.

Majirani waliokuwa getini siku hiyo wanasimulia maneno haya:

"Shikamoo mzee. Samahani baba, sasa mimi nitapikia wapi?"

"Marahaba. Jiko si hilo ndani, mama? La kisasa kabisa."

"Hilo la gesi baba. Chapati za watu mia kwa gesi, faida nitaitoa wapi?"

Mzee akakohoa, akasema mafundi wameshalipwa, hakuna kinachobomolewa tena.

Basi mama afanyeje? Anafanya ambacho yeyote angefanya akibanwa: saa kumi alfajiri anawasha jiko la mkaa ndani, kwenye hilo hilo jiko la kifahari, milango imefungwa kwa usalama, watoto wamelala hatua tano tu kutoka hapo. Na hapa mzaha uishe. Mkaa ukiwaka sehemu iliyozibwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu haisikii inapoingia. Anaumwa kichwa, anasinzia, na wengine hawaamki tena. Kila Mtanzania ameshasikia habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa ndani. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na baridi, au hawakuwa na pa kupikia.

Kwa hiyo mtu akisema hii ni ishu ndogo ya mapambo, mwambie arudie kusoma hapo juu.

NYUMBA IMEGOMBANA NA MJI

Tuache ya mama kidogo, tuiangalie nyumba yenyewe kwa jicho la matumizi. Bibie anasema kwenye video yake kwamba ni "nyumba ya kupendeza na ya kurahisisha maisha". Ya nani?

Madirisha ya zamani yalikuwa ya luva. Sura mbaya, kweli, lakini ukifungua luva dirisha zima linapitisha hewa. Yametolewa, yakawekwa mapana ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hata ulifungue vipi, nusu yake imefungwa. Na yamewekwa upande wa magharibi, bila kibaraza wala kivuli juu yake. Yaani kuanzia saa nane jua linaingia sebuleni kama limekaribishwa.

Dari yenyewe si kosa, dari nzuri inapunguza joto la bati. Kosa ni kuishusha ngazi tatu kwenye chumba ambacho tayari ni kifupi, na kuziba yale matundu ya hewa ya juu ukutani ili jipsamu ikae vizuri. Joto linapanda, likifika juu halina pa kutokea, linarudi kukaa na wenye nyumba.

Malumalu nyeusi, Dodoma! Huu ni mji wa nyanda kame, kuanzia Julai mpaka Oktoba upepo unatembea na vumbi jekundu kutoka kila uwanja usio na nyasi. Malumalu nyeusi inaonyesha hata nyayo za paka. Binti mkubwa wa yule mama anapiga deki asubuhi, mchana na jioni. Na anapiga deki kwa maji gani? Maana mgao ukifika, lile bomba la dhahabu linakohoa tu kama mzee. Tenki lilikuwa linaharibu picha, si ndiyo?

Hapo ndipo hii mitindo inapochosha. Nyumba imepambwa kwa ajili ya sekunde thelathini za video. Aliyeipamba hatapika mle, hatafua mle, hatalala mle siku ya joto la Novemba. Anayepika, anayefua na anayelala ndiye ambaye hakuulizwa swali hata moja.

"NI WIVU TU"

Watetezi wa bibie watakuja mbio, majibu yao yanajulikana.

La kwanza: ni wivu. Haya, tuseme ni wivu. Je, wivu ndio umeng'oa tenki?

La pili: mali ni ya mzee, ana haki ya kuipendezesha. Kweli ana haki. Lakini mpangaji naye analipa, na analipa kwa ajili ya kuishi, siyo kwa ajili ya kulinda mapambo. Ukipandisha kodi mara mbili, nyumba iwe bora mara mbili kwa anayeishi humo. Hii imekuwa bora kwa kamera, kwa mtu imekuwa mbovu kuliko ilivyokuwa.

La tatu, hili ndilo lina ukatili: kama hawezi, ahame, watakuja wenye uwezo. Na ni kweli watakuja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, watu wakausikia kwa miaka mingi kama hadithi. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli kweli, 2018 Dodoma ikawa jiji, na tangu hapo nyumba zinatafutwa kama almasi. Wenye nyumba wanajua hilo. Lakini jiulize, huyo mwenye uwezo atakayekuja Makole asubuhi atakula wapi chapati, kama kila mama anayezipika amesukumwa nje ya mji?

DUBAI WENYEWE WALIJUA

Kinachochekesha zaidi ni hilo neno "Dubai". Nenda mtaa wa kale wa Al Fahidi pale Dubai, uone nyumba za zamani za wafanyabiashara waliotoka Uajemi zilivyojengwa. Katikati kuna ua. Juu kuna mnara wa kunasa upepo na kuushusha vyumbani. Kuta nene. Hawakuwa na umeme, wakaishi kwenye joto kali kuliko la kwetu. Anayeiga Dubai kwa kuua uani hajaiona Dubai, ameona matangazo ya mahoteli.

Huhitaji hata kupanda ndege. Zanzibar, Mji Mkongwe ambao UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba zake kubwa zina ua katikati na baraza mbele, na wageni wanalipa dola kulala humo.

Na usiende hata Zanzibar. Wagogo wenyewe, wenye ardhi hii, walijenga tembe. Nyumba fupi, paa bapa lililojazwa udongo, kuta za miti na udongo, vyumba vimezunguka ua. Watu wamefundishwa kuicheka tembe. Lakini udongo ule ulizuia jua la mchana na ule ufupi ulikwepa upepo wa nyika, na kazi zote za nyumba zilifanyika uani. Hakuna anayesema turudi kwenye tembe. Kinachosemwa ni kwamba bibi wa Kigogo asiye na simu alielewa Dodoma kuliko huyu bibie mwenye wafuasi kibao.

PESA ILE ILE INGEFANYA NINI

Asije mtu akasema hapa kazi ni kuponda tu. Nyumba ya Makole ingeweza kupendeza na ikaishika, hivi:

Uani ibaki, ipambwe. Huu ni mji wa zabibu, jamani! Jenga kichanja cha mabomba au miti, tambaza mzabibu juu yake. Kivuli unacho, matunda unayo, na picha unayo pia, nzuri kuliko taa za zambarau. Pembeni jenga meko ya matofali ya kudumu yenye bomba la moshi. Mama anapika, mzee anapokea kodi, wote wanacheka.

Ukuta wa uani na wa korido uwe na matofali ya matundu. Mafundi wa hapa wanayafyatua, hewa inapita, mwanga unaingia kwa michoro. Madirisha yatazamane, hewa ikiingia huku itokee kule. La magharibi lipewe kibaraza au kivuli cha mabati juu yake.

Sakafu: saruji iliyosuguliwa na kutiwa rangi nyekundu, ile ya bibi zetu. Vumbi la Dodoma na sakafu nyekundu ni ndugu. Na wazungu siku hizi wanalipia saruji tupu iliyosuguliwa kama fasheni.

Vitu vya kuweka vitu: badala ya ukuta wa TV, jenga shubaka ndani ya ukuta, na kiti cha saruji cha kuzunguka kona chenye nafasi ya kuhifadhi chini yake. Tupa magodoro na mito juu. Sebule ndogo inakuwa kubwa bila sofa la kona linalozuia mlango.

Na maji. Dodoma inapata mvua ya milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 100, kwa milimita 550, ni lita 55,000. Hata moja ya tano ipotee, zinabaki 44,000. Zinahitaji mfereji wa bati, bomba na matenki. Huo ndio urembo ambao binti anayepiga deki angeushukuru.

MWISHO WA SIKU

Lawama si ya bibie peke yake. Mzee alitaka kodi ya haraka. Na sisi watazamaji tulibonyeza kopa bila kuuliza nani anaishi mle. Kila laiki ni oda mpya: nyumba nyingine, uani nyingine, mama mwingine.

Wanaofuata kufanyiwa "ufufuo" wa nyumba waulize maswali matatu kabla fundi hajashika nyundo. Nani anapika hapa? Hewa inatokea wapi? Maji yakikatika, kuna nini? Mbunifu asiyekuwa na majibu arudishwe stesheni apande treni yake.

Na bibie akirudi Makole, asije na taa. Aje na mche wa mwarobaini, na aupande pale pale alipoukata ule wa kwanza.

Mdau, kwenu uani ipo au imeshageuzwa kona ya kahawa? Dondosha komenti hapo chini, ila matusi kaa nayo mwenyewe.