Sukari Mpya kwa Mtu Anayekonda

Makala hii inahusu saratani ya kongosho, lakini naanza na kisukari. Mtu wa miaka 60, ambaye kwao hakuna aliyewahi kuugua sukari, anapimwa na kukutwa nayo. Anapewa vidonge, anaambiwa apunguze ugali na wali. Akirudi kliniki amepungua kilo nne, na anapongezwa kwa kushika masharti. Mwezi unaofuata amepungua tena, na sukari haijashuka. Pongezi hizo zinanitia hofu.

Kisukari cha ukubwani mara nyingi humjia aliyenenepa. Kinapomjia aliyevuka miaka 50 naye anakonda bila kujinyima, huenda kongosho lenyewe ndilo linaloumwa. Limejificha nyuma ya tumbo, na uvimbe mdogo humo hauguswi kwa mkono wa daktari. Hata hivyo uvimbe huo huvuruga kazi ya insulini, na sukari huweza kuanza kupanda miaka miwili au mitatu kabla haujagunduliwa. Utafiti wa Mayo Clinic, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba katika kila watu 100 waliopata kisukari wakiwa na miaka 50 au zaidi, karibu mtu 1 aligunduliwa na saratani hii ndani ya miaka 3. Ni wachache, kwa hiyo sisemi kila mwenye sukari apigwe CT skani. Nasema anayekonda atofautishwe na wengine, achunguzwe.

Dalili nyingine nazo hupotezwa njiani. Uvimbe ukibana mfereji wa nyongo, mwili mzima huwasha, na mgonjwa hupewa dawa ya kupaka. Baadaye macho huwa manjano, mkojo hugeuka kama chai ya rangi na choo hupauka, mara nyingi pasipo maumivu yoyote. Wengine huanza na choo chenye mafuta kinachoelea, au maumivu ya mgongo yanayopungua wakiinama mbele. Wapo wanaovimba mguu kwa damu iliyoganda mshipani. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza mwaka 1865 uhusiano wa kuganda huko na saratani zilizojificha. Mwaka 1867 aliiona dalili hiyo mwilini mwake, na saratani ya tumbo ikamuua mwaka huohuo.

Tumaini la kupona liko kwenye upasuaji, nao hufaa kabla ugonjwa haujasambaa. Wengi hufika umeshasambaa. Ndiyo maana nawaomba wauguzi na madaktari wa kliniki za kisukari: kabla ya kuongeza dozi, isomeni safu ya uzito kwenye kadi tangu juu hadi chini, kisha mwulizeni mgonjwa kama alikusudia kupungua. Akijibu hapana, asirudishwe nyumbani na vidonge peke yake.