Simu ya Mama Ndiyo Simu ya Mtoto: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)



Jioni ikiingia, katika nyumba nyingi za Mbagala, Buza na Tandale, simu ya mama huhamia mikononi mwa mtoto. Mama yuko jikoni anageuza samaki. Mtoto yuko kwenye mkeka na kipindi cha Ubongo Kids. Kipindi kikiisha, YouTube haisubiri ruhusa ya mtu, inaleta video nyingine, kisha nyingine. Mama anasikia muziki tu. Mtoto akichoka na katuni anafungua picha zilizohifadhiwa kwenye simu, na humo anakuta kila kilichorushwa jana kwenye kundi la kikoba, la ukoo na la wazazi wa darasa la nne: maiti ya ajali ya bodaboda, mwizi anayepigwa na umati, pengine hata video ya ngono ambayo aliyeituma aliomba radhi dakika mbili baadaye. Mama mwenyewe hakuvifungua. WhatsApp ilivipakua na kuvihifadhi.

Watoto wengi wa nchi hii huingia mtandaoni kwa mlango huo, na ushauri mwingi wanaopewa wazazi hauugusi kabisa. Ushauri huo huchukulia kwamba mtoto ana simu yake na akaunti yenye tarehe yake ya kuzaliwa. Family Link ya Google, iliyoanza mwaka 2017, imejengwa hivyo: mzazi ana simu, mtoto ana yake, ya kwanza inasimamia ya pili. Kwa familia ya namna hiyo inafaa sana. Mama mwenye simu moja iliyopasuka kioo, ambayo ndiyo anayopokelea pesa za wateja na kuwekea hesabu za genge, haimsaidii kitu.

Ombi la barua hii ni moja. Mamlaka iandae mwongozo wa wazazi unaoanzia kwenye simu inayotumiwa na nyumba nzima, uwe wa Kiswahili cha kawaida, na uwafikie hata wasio na bando.

Haraka ya jambo hili haihitaji kutiwa chumvi. Mwaka 2022 UNICEF, INTERPOL na ECPAT walitoa utafiti uliofanywa Tanzania kwa watoto wa miaka 12 hadi 17. Asilimia 67 yao walikuwa wanatumia intaneti. Asilimia 4 ya watumiaji hao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja, na kwa makadirio ya watafiti hao ni watoto wapatao 200,000. Jambo lililopaswa kutikisa kila baraza la wazazi ni kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Tena watoto waliosema yaliyowapata waliwaambia zaidi marafiki na ndugu zao. Polisi na namba ya msaada hawakufikiwa ila kwa nadra.

Nchi nyingine zimeanza kuzibana kampuni. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024 inayozuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, na ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Faini, inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5, iko juu ya kampuni, si juu ya mzazi wala mtoto. Kenya ilitoa miongozo yake ya kumlinda mtoto mtandaoni mwaka 2025, nayo inagusa suala la kuthibitisha umri. Ni hatua za maana, na kampuni zisiachwe zifanye zinavyotaka. Lakini mtoto aliyeko kwenye mkeka anatumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mama yake na akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mama yake. Kwa kampuni, aliyeshika simu ni mwanamke wa miaka 35. Hata Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazowataka wenye vibanda vya intaneti kuweka kamera na kuchuja yasiyofaa, hazifiki hapo.

Basi aliyebaki ni mzazi, naye hajaonyeshwa la kufanya.

Yapo mambo anayoweza kuonyeshwa kwa dakika chache. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya kuzuia picha na video za makundi zisijipakue zenyewe, na nyingine ya kuzuia zisionekane kwenye picha za simu. Kwenye YouTube kuna kitufe cha kuzima video zinazojiendesha zenyewe. Simu nyingi za Android zinaweza kufungiwa kwenye programu moja, mtoto akabaki na katuni yake na asitoke humo bila namba ya siri. Na namba ya siri ya pesa za simu isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto huyohuyo, wala asitumwe kwa wakala akiwa ameikariri.

Kwa wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mama lishe anayehudumia wateja huku mtoto analia mgongoni hastahili kukaripiwa kwa ushauri huo. Aambiwe sababu, kwamba umri huo unahitaji kucheza, kutambaa na kusemeshwa, halafu aachwe apange na hali yake.

Sehemu ngumu zaidi ya mwongozo ni mazungumzo. Mtoto akionyeshwa picha chafu na mjomba, mwalimu wa tuisheni au kijana wa jirani, atasema nyumbani pale tu anapoamini kwamba hatachapwa na hatanyang'anywa simu. Wazazi wengi wanataka kusema na watoto wao habari hizi ila hawajui waanzie wapi. Mwongozo uwape sentensi za kuanzia, za mtoto wa miaka saba na za binti wa miaka kumi na minne.

Mamlaka inajua kuwafikia watu. Usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020 uliingia hadi vijijini. Namba 15040 ya kuripoti wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na *106# ya kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako hufanya kazi hata kwenye kitochi. Mzazi naye apewe namba ya kupiga bure asikilize maelezo kwa sauti, kwa kuwa wapo wasiosoma vizuri. Vijana wanaosajili laini chini ya miavuli wafundishwe kumwekea mteja mipangilio hiyo anaponunua simu janja. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulipie vipindi kwenye redio za jamii, na vianze kabla ya likizo za Juni na Desemba, maana shuleni simu hairuhusiwi na likizo ndipo watoto wanaposhinda nazo.

Na kila ujumbe utakaotoka ubebe namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Kampuni za simu hutuma matangazo ya bando kila siku. Kwa agizo la Mamlaka, tangazo moja kwa wiki linaweza kuwa la namba hiyo.