Kabla godauni halijawa hosteli, uliza lilihifadhi nini

Mjomba wangu wa Mbeya hapigi simu usiku bila sababu. Alipopiga mwezi uliopita, tulimaliza kwanza salamu za nyumbani, mvua na bei ya viazi, ndipo akaingia kwenye hoja yake.

"Mwanangu, wewe unaandika mambo ya afya. Lile godauni la Iyunga nataka kuligeuza hosteli ya wanafunzi. Watoto wananiambia nijenge tu vyumba, kibali kitafuata. Wewe unasemaje?"

Watoto anaowasema ni binamu zangu, na hesabu yao ni nyepesi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kipo jirani, wanafunzi wanahangaikia vyumba kila mwaka, na godauni limekaa tupu tangu mpangaji wa mwisho aondoe mahindi yake. Wakate vyumba kwa mbao, wavute umeme, wachimbe choo nje, kodi ianze kuingia.

Nilimjibu kwa swali: "Mjomba, humo ndani mliwahi kuhifadhi nini?"

Akanyamaza kidogo. "Vitu vingi," akasema.

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Nilipokuwa nasoma chuo Iringa, tulipanga kwenye vyumba vilivyokatwa upande mmoja wa godauni. Upande wa pili mwenye nyumba aliendelea kuweka mahindi. Usiku mmoja wa Julai, baridi ikiwa imetulazimisha kufunga kila dirisha, tulisikia harufu kama ya kitunguu saumu kilichochanganyika na samaki aliyeoza. Tukadhani ni mboga ya jirani. Kufika saa nane usiku wenzangu wawili walikuwa wanatapika, mimi kichwa kinagonga na kifua kimebana. Tulitoka na mablanketi, tukakaa barabarani mpaka kukakucha. Asubuhi kuli aliyekuja kufungua godauni alituambia kama anayetaja jambo la kawaida kabisa: "Jana tulipiga vidonge."

Vidonge hivyo ni vya kufukiza nafaka. Vikikutana na unyevunyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, inayoua dumuzi na fukusi ndani ya magunia. Kwa mfanyabiashara wa mahindi ni msaada mkubwa, mradi vitumiwe na mtu aliyefundishwa, ndani ya ghala lililofungwa na lisilolala mtu. Lakini gesi haisimamishwi na ukuta wa mbao. Inapita kwenye nyufa na juu ya dari, na ikimwingia binadamu haina dawa ya kuizima. Daktari anachoweza ni kuusaidia mwili upumue na moyo uendelee kupiga. Sisi tulipona kwa sababu tulitoka nje mapema. Vyumba vile, nilikuja kujua baadaye, havikuwa na kibali chochote.

Ndiyo maana sikumwambia mjomba aendelee tu.

Wengi wetu tunakichukulia kibali cha kubadili matumizi kama tozo nyingine ya halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza kiwanja katika eneo la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa Mbeya ni Halmashauri ya Jiji na kwa Iringa ni Halmashauri ya Manispaa. Hati ya mjomba imeandikwa ghala. Kulaza watu humo ni matumizi mengine, hata kama kuta ni zilezile na paa ni lilelile.

Kwa kawaida safari inaanzia kwa barua kwenda kwa mkurugenzi, ikiambatana na nakala ya hati, risiti za kodi ya pango la ardhi na maelezo ya unachotaka kufanya. Kusudio linatangazwa ili majirani na serikali ya mtaa watoe maoni. Wataalamu wanakagua eneo, na maombi yanapita kwenye vikao kabla ya uamuzi. Ukikubaliwa, masharti ya hati yanabadilishwa, na kibali cha ujenzi unakiomba peke yake. Ni safari ndefu, na "njoo wiki ijayo" utazisikia. Sitakudanganya kwamba ni rahisi.

Lakini angalia kinachofanyika katikati ya usumbufu huo. Katika maisha yote ya jengo, huu unaweza kuwa wakati pekee ambapo watu wasio na faida katika kodi yake wanasimama mlangoni na kuuliza: humu kulikuwa na nini, na anayekuja kulala humu ni nani?

Ukidhani sumu huisha ghala likishafagiliwa, kumbuka Vikuge, wilayani Kibaha mkoani Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la hapo lilipokea tani 170 za viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake vikiwa vimeshapitwa na muda. Viliwekwa kwenye banda, banda likaja kuanguka, sumu ikazama ardhini. Shehena iliyobaki iliondolewa baadaye. Hata hivyo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipochapisha matokeo yao mwaka 2004, udongo ulikuwa bado umechafuka vibaya, DDT ikiwa miongoni mwa sumu zilizokutwa. DDT huweza kukaa kwenye udongo kwa miongo mingi. Mtu mzima anaweza kuishi juu yake asijue. Mtoto anayetambaa, anayecheza na vumbi na kutia vidole mdomoni, anaila.

Nyanda za Juu Kusini tunaishi kwa kilimo. Kahawa, viazi, nyanya na mahindi vyote vina dawa zake, na dawa hizo zililala kwenye maghala. Kwa hiyo swali la "lilihifadhi nini" kwetu ni la lazima. Ukitaka jibu la kweli, usiishie kwa mwenye jengo. Watafute makuli wa zamani na mlinzi aliyestaafu. Wao wanakumbuka kona ya madumu yaliyokuwa yakivuja.

Halafu tazama juu. Magodauni mengi ya zamani yameezekwa kwa asbesto. Ikiwa nzima na haijaguswa, hatari yake ni ndogo. Fundi akianza kuikata na kuitoboa apitishe nyaya, nyuzi zake hupeperuka, zinavutwa mapafuni, na saratani yake inaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Fundi huyo mara nyingi ni kijana asiye hata na kitambaa puani.

Mwisho, hesabu milango na madirisha. Ghala lilijengwa kulinda mali, si kupitisha hewa. Lina mlango mmoja mkubwa na vitundu vya juu. Ligawe vyumba vya mbao, kisha mlete mwanafunzi anayepika kwenye jiko la mkaa chumbani, akilibakiza usiku ajipatie joto. Moshi hauonekani, lakini hewa ya sumu ya mkaa inamlaza asiamke. Moto ukitokea karibu na ule mlango mmoja, wa nyuma watapita wapi?

Sisemi kubadili matumizi ni kosa. Boma la Iringa mjini lilijengwa zama za Wajerumani kama hospitali, likaja kuwa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho yanayotembelewa na watoto wa shule. Jengo linaweza kupewa maisha mapya, ila tuyajue kwanza yale ya zamani.

Wiki mbili baada ya ile simu nilipanda basi kwenda Mbeya. Mjomba alinizungusha nyuma ya godauni, akanionyesha kwa fimbo kipande cha ardhi kando ya mfereji. "Miaka ya tisini nilimpangisha muuza pembejeo," alisema. "Madumu walikuwa wanayaoshea hapa. Mpaka leo hata magugu hayaoti."

Hakuwahi kuwaambia watoto wake. Hawakumuuliza.

Sasa barua iko halmashauri, na tumeshauriwa kupeleka sampuli za udongo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Binamu zangu wamenuna. Wanasema nimewakosesha kodi ya mwaka mzima wa masomo, na kwa kweli nimewakosesha. Mkubwa wao hajajibu salamu zangu mpaka leo. Lakini ana binti kidato cha sita, mwakani anaingia chuo. Nilimwuliza kama angemlaza kwenye chumba cha kona ile. Hakujibu hilo pia.

Mzazi unayempeleka mwanao chuo mwaka huu, usiangalie bei ya chumba peke yake. Uliza jengo lilikuwa nini na jirani anahifadhi nini. Ukiona tangazo la kubadili matumizi mtaani kwako, lisome, na kama unalijua jengo hilo, kaseme unachokijua. Na mwanao akisikia harufu ya kitunguu saumu karibu na ghala la nafaka, atoke nje, awaamshe wenzake, waende hospitali na wataje vidonge vya mahindi. Wasipoteze muda kutafuta maziwa. Harufu isiposikika, bado isiwe sababu ya kulala karibu na ghala linalofukizwa.

Tukutane wiki ijayo.