Kihispania, Tukisome Tukiwa Wapi?

Barabara kuu ya Kensington, mashariki mwa Johannesburg, inaitwa Roberts. Ukitembea kidogo unaikuta nyingine inayoitwa Kitchener. Kwenye kilima cha Caledonia umesimama mnara wa askari wa kikosi cha Scottish Horse. Kitongoji hiki kilipimwa na kugawanywa viwanja mwaka 1897, miaka miwili kabla ya Waingereza na Makaburu kuingia vitani, na washindi wakayaandika majina ya majemadari wao kwenye mitaa. Leo mitaa hiyo inapitwa na watu wa kila namna: Wareno waliotoka Msumbiji na Angola, Wakongo, Wazimbabwe, Watanzania wanaotafuta riziki. Wengi wao hawana habari na Roberts wala Kitchener, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Toleo hili linahusu masomo ya Kihispania vyuoni: utamaduni, historia na fasihi ya mataifa yanayokizungumza. Msomaji anaweza kushangaa kwamba tunaanza na majenerali wa Kiingereza. Tumeanza nao kwa sababu njia waliyoitumia kuwashinda Makaburu ilikuwa imekwisha kutumika Cuba, chini ya bendera ya Hispania.

Jenerali Valeriano Weyler alifika Havana Februari 1896. Wacuba walikuwa wakipigania uhuru wao, na wapiganaji waliishi kwa chakula, habari na hifadhi ya wanavijiji. Weyler akaamuru wanavijiji wahamishwe kwa nguvu na kurundikwa ndani ya miji na maboma yaliyolindwa na askari, na mashamba yaliyobaki nyuma yakateketezwa. Njaa na maradhi yaliua watu zaidi ya 100,000. Miaka minne baadaye Roberts alianza kufanya hivyo hivyo hapa kusini, na Kitchener aliyempokea kijiti akalipanua jambo hilo hadi likaenea nchi nzima. Nyumba za Makaburu zilichomwa, wanawake na watoto wakafungiwa kambini. Hapa Johannesburg kambi ilikuwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Makaburu wapatao 28,000 walikufa, wengi wao watoto. Waafrika waliokuwa wakiishi na kulima kwenye mashamba hayo walipelekwa kambi zao peke yao. Vifo vyao vilivyoandikwa vinapita 14,000, na wanahistoria wanaamini vilifika 20,000 au zaidi, maana hakuna aliyejisumbua kuwahesabu vizuri. Mwaka 1901, wabunge waliopinga vita mjini London walipotaka kueleza kinachotendeka, walitaja Cuba.

Sasa fungua mtaala wa kawaida wa shahada ya Kihispania. Mwaka 1898 umo, tena umewekewa mhadhara wake. Hispania inashindwa na Marekani, inapoteza Cuba, Puerto Rico na Ufilipino, na kutokana na msiba huo linaibuka kundi la waandishi wanaojiuliza taifa lao ni kitu gani: Unamuno, Baroja, Azorín, Machado. Ni waandishi wakubwa na sitaki mtu awaondoe. Ninalolalamikia ni mkao wa msomaji. Mwanafunzi anaketishwa msibani pamoja na mwenye mali aliyenyang'anywa, anafundishwa kulia naye, na haulizwi mali ile ilipatikanaje. Weyler hupewa sentensi moja, akibahatika. Esteban Montejo je? Huyu alizaliwa utumwani Cuba, akatoroka akaishi msituni, akapigana katika vita hivyo hivyo vya uhuru, na akiwa amekwisha pita miaka 100 akamsimulia maisha yake Miguel Barnet, aliyeyatoa kitabu mwaka 1966. Mara nyingi Montejo huwekwa kwenye somo la hiari, muhula mwingine, chumba kingine, kana kwamba vita vyake na vya Unamuno si vile vile.

Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi anayetoka huku kwetu hana haja ya kuingia katika somo hili kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa kiti. Kuna sehemu za fasihi na historia ya Kihispania ambazo yeye, kwa sababu ya mahali alipokulia na lugha aliyokuzwa nayo, anaweza kuzisoma vizuri kuliko mwenzake wa Madrid au wa Chicago, mradi apewe nafasi ya kusimama pale aliposimama. Kwa kawaida hapewi. Anaambiwa asome kwa macho ya Mwingereza aliyekwenda likizo Málaga.

Najua swali linalokuja kwanza. Mzazi anauliza: Kihispania kitampatia kazi gani? Vyuo vina jibu tayari: utalii, hoteli, ubalozi, kampuni za kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Serikali ya Afrika Kusini nayo ina jibu lake, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 imepeleka vijana Cuba kusomea udaktari, na vijana hao hulazimika kujifunza Kihispania kabla ya kuligusa somo la mifupa. Yote hayo ni ya kweli na ni ya heshima. Lakini lugha inayofundishwa kwa ajili ya kaunta ya hoteli huishia kwenye kaunta ya hoteli, na chuo kikuu kinachotosheka na hilo hakina tofauti na shule ya jioni isipokuwa ada.

Nirudi kwenye vitabu. Riwaya ndogo ya *Lazarillo de Tormes*, iliyochapishwa mwaka 1554 bila jina la mwandishi, ni miongoni mwa vitabu vya kwanza anavyokutana navyo mwanafunzi. Kurasa za mwanzo tu, mama wa Lázaro, mjane maskini, anaishi na mwanamume mweusi mtunza farasi aitwaye Zaide. Wanazaa mtoto. Mtoto akimwona baba yake mweusi, naye amezoea kumwona mama na kaka weupe, anaogopa na kumkimbilia mama. Zaide anaiba shayiri na mablanketi ya farasi ili kulea familia ile, anakamatwa, anachapwa na kuunguzwa kwa mafuta ya moto, na hadithi inasonga mbele bila yeye. Wahakiki wameandika mengi juu ya kichekesho cha mtoto yule. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuuliza kwanza Zaide ni nani: Mwafrika mwenye jina ambalo hapa kwetu lingepita bila kugeuza shingo ya mtu, yumo ndani ya nyumba ya maskini wa Salamanca, anapenda, analea. Amefikaje pale? Swali hilo linafungua mlango wa karne nzima ya watumwa weusi katika miji ya Sevilla na Granada, na wa Juan Latino, Mwafrika aliyeondoka utumwani akawa mwalimu wa Kilatini Granada na kuchapisha mashairi yake mwaka 1573.

Mlango wa pili ni mkubwa zaidi, na nashangaa kwamba haujafunguliwa kwa kishindo katika idara zetu. Waislamu waliobaki Hispania baada ya Granada kuanguka mwaka 1492, na wazao wao waliolazimishwa kubatizwa, walizidi kupoteza Kiarabu cha kuzungumza. Hati ya Kiarabu hawakuiacha. Wakaandika Kihispania chao kwa alifu na be. Sala, fatwa, dawa, hadithi na mashairi yote yalikwenda kwa hati hiyo. Mwaka 1884, nyumba kuukuu ilipokuwa ikibomolewa katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, karibu na Zaragoza, mafundi walikuta rundo la maandiko hayo yamefichwa chini ya sakafu ya uongo. Baadhi yaliharibiwa kabla wasomi hawajafika.

Mhadhiri wa Ulaya anapofundisha jambo hili huanza kwa kuwazoeza wanafunzi wazo lenyewe: kwamba lugha isiyo Kiarabu iliweza kuvaa hati ya Kiarabu na kubeba ndani yake dini, mapenzi na hesabu za duka. Mwanafunzi wa Lamu, Pate au Unguja hahitaji kuzoezwa. Amekwisha ona barua za babu yake. Anajua kwamba Utendi wa Tambuka uliandikwa hivyo, anajua taabu ya kusoma irabu zisizoandikwa vizuri, anajua pia kwamba hati si pambo bali ni kiapo kinachosema mtu anataka kuhesabiwa pamoja na nani. Kisha kuna *Poema de Yuçuf*, shairi la karne ya 14 la Waislamu wa Aragón kuhusu Nabii Yusufu, lililotungwa kwa Kihispania cha kule na kuandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nasi tuna Utendi wa Yusufu. Watunzi wawili waliotengwa na bahari mbili na karne kadhaa, kila mmoja amekaa kando ya ulimwengu wa Kiarabu, wanasimulia kisa kile kile cha ndugu wenye wivu, kisima na Zulekha, kila mmoja kwa bahari ya ushairi ya watu wake. Ningependa kuona tasnifu kumi juu ya jambo hili. Ningeridhika na tatu.

Mwaka 1567 mfalme Felipe wa Pili alipiga marufuku Kiarabu katika Granada, kusema na kuandika, na mwaka uliofuata watu wa milima ya Alpujarras wakaasi. Mfalme huyo huyo alikuja kurithi taji la Ureno mwaka 1580. Kwa hiyo Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, Wareno waliobeba mawe walikuwa raia wa mfalme wa Hispania, na mji ulioelekezewa mizinga uliandika kwa hati ile aliyoifukuza Granada. Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, alipoiteka ngome mwaka 1631, habari zilikwenda kwa mjukuu wa mfalme huyo, Felipe wa Nne. Vitabu vya shule vya Kenya husema ‘Wareno' na kuishia hapo.

Kuna watakaosema tunavuta kamba upande wetu, kwamba fasihi ya watu isomwe ilivyo bila kutafuta sura zetu ndani yake. Nitawajibu kwa washairi wawili wa Afrika Kusini. Roy Campbell, mzaliwa wa Durban, alikuwa akiishi Toledo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Julai 1936, akajiunga kwa kalamu na upande wa Franco. Uys Krige, aliyewahi kuwa mwalimu wa watoto wa Campbell huko Ufaransa, aliandika kwa Kiafrikana mwaka 1937 shairi kali dhidi ya marubani wa kifashisti. Wote wawili walikijua Kihispania vizuri. Wote wawili baadaye walimtafsiri mshairi Lorca, ambaye upande wa Franco ulimwua. Hakuna hata mmoja aliyeisoma Hispania akiwa hewani. Kila mmoja alikwenda na Afrika Kusini yake kifuani, na Hispania aliyoikuta ilifanana na alichokibeba. Tofauti ni kwamba wao hawakuulizwa kama wana ruhusa.

Katika kurasa zinazofuata utakuta pia makala kuhusu kitabu cha Che Guevara juu ya Kongo, alichokiandika amejificha katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam baada ya kushindwa mwaka 1965. Vyuo hukiweka kwenye rafu ya mapinduzi ya Amerika ya Kilatini. Lakini mwenye kitabu anaitwa Tatu, naibu wake anaitwa Moja, na kijana Freddy Ilanga ndiye aliyekuwa akimfundisha Kiswahili. Wakongo wa Kivu wanaoishi Yeoville na mitaa ya jirani yetu wana wazee waliokulia Fizi na Baraka wakati ule. Sijui somo gani la fasihi ya Kihispania lina mashahidi walio karibu hivi, na tumemwomba mwandishi wetu asiwaogope.

Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika iliviorodhesha Kihispania na Kiswahili pamoja kati ya lugha rasmi. Kihispania kilipata nafasi hiyo kwa sababu ya Guinea ya Ikweta, iliyojitawala tarehe 12 Oktoba 1968, na waandishi wake ni wa kusomwa: María Nsue Angüe na *Ekomo* ya mwaka 1985, Donato Ndongo-Bidyogo, Juan Tomás Ávila Laurel, Trifonia Melibea Obono. Katika mitaala mingi wanaonekana wiki ya mwisho ya muhula, wakati mhadhiri amechelewa na mtihani umekaribia. Pendekezo letu kwa idara ni dogo na halihitaji fedha: wahamishieni wiki ya kwanza, kisha teremkeni kwenda kwa Zaide, kwa Yuçuf, kwa Weyler. Na mwanafunzi anayetaka kulinganisha na utendi aruhusiwe kuunukuu kwa Kiswahili bila kuupitisha kwanza Kiingereza.

Sisi tumefanya hivyo katika toleo hili. Ndongo-Bidyogo ametangulia, na Cervantes amesogezwa nyuma. Wapenzi wake wasikasirike: alikaa mateka Algiers miaka mitano, tangu 1575 hadi 1580, na alipokuja kuandika *Don Quijote* alidai kisa chenyewe amekitoa kwenye madaftari ya Kiarabu aliyoyanunua sokoni Toledo, akamlipa mfasiri wake kwa zabibu kavu na ngano. Makala inayomhusu inaanzia hapo, kwenye malipo ya mfasiri.