Siki Imewakosea Nini?

Waandishi wenzangu wa Handeni na Korogwe, mmenichosha! Nimemwandika mama wa Tanga anayebandua chaza kwenye mizizi ya mikoko maji yakipwa, mkasema eti naiga riwaya za Wazungu, kisa ile sosi ya siki. Sosi gani? Vitunguu vyekundu vidogo vilivyokatwakatwa, siki, pilipili manga. Kachumbari isiyo na nyanya, basi!

Kosa langu liko kwingine, wala hamkuliona. Shujaa wangu nilimlisha chaza mbichi Handeni, wamesafiri juani bila barafu. Chaza mbichi huliwa akiwa hai; gamba likiachama, ukaligonga lisijifunge, mtupe. Shujaa angeharisha kabla ya ukurasa wa tatu, nanyi mmekaa mnabishania siki!