Kuziba Ufa wa Bawa Si Urembo
Nchini Marekani, sheria humruhusu mtu kujiundia ndege, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kwa mjenzi kama huyo, kishawishi kikubwa ni kulipua kazi ya mwisho: kibati kinachofunika ufa kati ya bawa na bodi ya ndege. Hilo ni kosa. Ndege ikiwa angani, hewa ya chini ya bawa huwa na mgandamizo mkubwa kuliko ya juu. Ufa ukiachwa wazi, hewa hupenya, huvuruga mkondo na kuongeza ukinzani, na gharama yake ni mafuta.

Wapo watakaosema kasi inayopatikana kwa kuziba ufa ni ndogo. Ni kweli, lakini ufa huohuo huweza kupitisha baridi na maji ya mvua. Wengine watauliza kwa nini kibati kisigandishwe kwa gundi moja kwa moja. Kwa sababu nyuma yake huweza kuwamo mabomba ya mafuta na viungio vinavyohitaji kukaguliwa. Basi kifungwe kwa skrubu, na ukingo wake uvishwe mpira ili usikwaruze bodi. Ufa wa ndege uzibwe, ila kwa namna inayofunguka.